Nimeifuta apu iliyobeba namba za watu wangu, je nimepona?

Swali lenyewe kwa kifupi ni hivi. Dada mmoja kadaunlodi apu ya kupamba picha, ilipofunguka tu ikaomba kusoma majina na namba zote za kwenye simu, naye akabonyeza ruhusu ili mambo yaende. Siku chache baadaye ndugu na marafiki wakaanza kumuuliza mbona unatutumia mialiko ya ajabuajabu. Apu kaifuta. Sasa anauliza vitu vitatu: kwa kuifuta nimepona? Nikihamishia namba zote kwenye laini si ndo nimemaliza kazi? Na WhatsApp je, si nayo inasoma hivohivo?

Dada pole kwanza. Naanza na la kwanza manake ndo linauma: hapana, kuifuta hakujarudisha kitu. Watu wengi wanadhani ile ruhusa ni kama apu inaruhusiwa kuchungulia kidogo pale inapohitaji, kumbe ukishabonyeza ruhusu simu inaifungulia kila ulichohifadhi kwa kila mtu, jina, namba zote, imeili, tarehe ya kuzaliwa kama uliijaza, anakofanya kazi, hata picha yake, na hakuna kinachoizuia kusoma vyote kwa mkupuo na kuvipeleka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yenyewe. Majina elfu moja ni mzigo mdogo kuliko picha moja ya kamera, yanapanda kabla hujamaliza hata kuchagua pasiwedi. Kwahiyo ulipoifuta umezuia isichukue tena majina mapya, hilo ni zuri, ila yale ya mwanzo yako kwao. Na ile mialiko wala haitoki kwenye simu yako, inatoka kwenye seva yao, jina lako limebandikwa juu tu ili mpokeaji aamini.

Cha kufanya sasa hivi ni kuifuta akaunti, na akaunti sio apu, hapo ndo wengi wanakwama. Usiirudishe apu kwenye simu kwanza. Nenda kwenye ukurasa wake kule ulikoidaunlodi, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data, utafute linki ya kuomba akaunti ifutwe. Google wanazitaka apu zote za Play zenye akaunti ziweke linki hiyo, ili mtu ambaye keshaondoa apu asilazimike kuirudisha. Upande wa iPhone, Apple wanazidai apu zenye akaunti tangu Juni 2022 ziweke namna ya kufuta akaunti humohumo ndani, kwahiyo huko inaweza kukubidi uirudishe, ila ukiirudisha ikiomba majina unaikatalia, unaingia, unafuta akaunti, unatoka. Na ukiona ndani kuna kitufe cha kufuta majina yaliyopakiwa, kibonyeze kabla ya kufuta akaunti, manake kuna kampuni zinafuta akaunti ya mtu na kubaki na daftari lake la majina.

Halafu waandikie. Imeili ya faragha huwa iko chini kabisa kwenye sera yao, ile ambayo hakuna anayeisoma. Usiandike hadithi ndefu, andika hivi: "Nilikuwa na akaunti kwenu kwa imeili hii na namba hii. Nimeondoa idhini yangu. Naomba mfute taarifa zangu zote pamoja na majina, namba na imeili za watu wengine mlizozichukua kwenye simu yangu, muache kuwatumia ujumbe kwa jina langu, na mniambie mmeshampa nani mwingine taarifa hizo." Hicho kipande cha mwisho usikiache. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, ya Ulaya inayoitwa GDPR ilianza kutumika Mei 2018 na inawapa mwezi mmoja wa kujibu, na nyingi za kwingine zinafanana nayo, kwahiyo hata kampuni isiyojali sana inajua barua ya aina hii ni ya kuwekwa pembeni ishughulikiwe. Na hao ndugu zako nao wana haki ya kuandika wenyewe kuhusu namba zao, hawahitaji wewe uwaombee.

Wakati huohuo watumie watu wako meseji moja ya kawaida uwaambie mialiko ile hukutuma wewe na wasibonyeze linki. Ni aibu kidogo najua, ila ni bora kuliko shangazi mtu mzima kuijaza namba yake ya benki kwenye fomu kwa sababu kaona jina lako.

Usijione mjinga pia. Hii michezo imechezwa na kampuni kubwa kabisa. Februari 2012 fundi mmoja wa programu aligundua mtandao wa kijamii unaoitwa Path unapakia daftari zima la majina ya mtumiaji wa iPhone bila hata kumuuliza, zogo likawa kubwa, Path wakaomba radhi na wakafuta, na toleo la iOS 6 la mfumo wa iPhone lililotoka mwaka huohuo ndo likaanza kukulazimisha uulizwe kwanza. Android walichelewa zaidi, mpaka Android 6 ya mwaka 2015, kabla ya hapo unakubali ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kuinstoli au hupati apu. Aprili 2019 Facebook wakakiri kwamba walipakia majina ya imeili za watumiaji wapya wapatao milioni 1.5, eti kwa bahati mbaya, jambo lililokuwa likiendelea tangu Mei 2016. Bahati mbaya ya miaka mitatu, sawa.

Lakini kisa ambacho huwa nakirudia zaidi ni cha 2021, manake ndo kinaonyesha hatari kwa upande wa pili. Aprili mwaka ule taarifa za watu karibu milioni 533 wa Facebook zilimwagwa mtandaoni, namba za simu zikiwa pamoja na majina. Waliozikusanya hawakuvunja seva yoyote. Walitumia kitu kilekile cha "pakia majina yako tukutafutie marafiki", ila badala ya majina ya kweli wakapakia namba nyinginyingi za kubahatisha, na Facebook yenyewe ikawa inawajibu namba hii ni ya fulani, hii ya fulani. Mdhibiti wa taarifa binafsi wa Ireland akaitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 265 Novemba 2022. Kwahiyo ukisikia apu inasema "tunahitaji majina yako ili uwaone rafiki zako waliopo humu" jua kwamba mlango huo unafunguka pande mbili.

Wengine watakwambia usiwe na wasiwasi, namba tunazichakata ziwe msimbo usiosomeka kabla ya kuzihifadhi. Kwa pasiwedi ndefu hiyo ni kinga ya maana, kwa namba za simu ni kinga ya karatasi. Namba yenye tarakimu kumi ina uwezekano wa bilioni kumi tu, na kwa aina za misimbo ya harakaharaka kadi moja nzuri ya kompyuta inajaribu mabilioni kwa sekunde, yaani unachakata namba zote zinazowezekana mara moja, unalinganisha, umemaliza. Ukitaka kujua kampuni ina nia ya kweli angalia kama imejisumbua kuliko hapo. Signal kwa mfano, apu ya kutumiana meseji, wamejenga mfumo wa kulinganisha namba ndani ya sehemu iliyofungwa ya prosesa ambayo hata wao hawaoni kilichomo, na tangu 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji ukampa mtu badala ya namba. Wapo wachache wa hivyo.

Sasa swali la laini. Hapana dada, usijichoshe. Kwenye Android ruhusa ya kusoma majina ni ileile moja, inafungua ya kwenye simu, ya kwenye akaunti ya Google na ya kwenye laini, utakuwa umehamisha tu na umepoteza mambo mengine, manake laini inabeba jina fupi na namba, sanasana imeili, picha na vingine vinapotea. Vilevile zile apu za kufunga apu nyingine kwa pasiwedi, unaweka kufuli kwenye daftari la majina unajisikia salama, kumbe apu nyingine hazipitii kwenye ile skrini unayoifungua wewe, zinasoma hifadhi iliyoko nyuma yake. Kufuli hilo linamzuia mtoto au mwenzako aliyeshika simu, haliizuii programu. Na mara nyingi apu hiyohiyo ya kufuli nayo inaomba ruhusa ya majina, hapo nakuachia mwenyewe.

Kinachozuia kweli ni ile ruhusa, na kuikagua kunachukua dakika kumi. Kwenye Android ingia Mipangilio, faragha, kidhibiti cha ruhusa, halafu Anwani, utaona orodha ya kila apu iliyoruhusiwa. Majina ya menyu yanatofautiana kidogo simu na simu, ukipotea andika "ruhusa" kwenye kile kisanduku cha kutafuta cha mipangilio. Kwenye iPhone ni setingi, faragha na usalama, kisha majina. Pita moja moja ujiulize hii inamhitaji nani. Ya kupiga simu, sawa. Ya meseji, sawa. Tochi, kioo cha kupambia picha, mchezo wa karata, kisoma PDF, kibodi yenye vibonzo, zote zima, na wala usiogope kuzima, kama apu kweli inahitaji itakuomba tena au itakwambia ukaiwashe kwenye mipangilio. Nikuambie na hili, kwenye Android hakuna ile "niulize kila mara" kwa upande wa majina, hiyo iko kwa kamera, maikrofoni na mahali ulipo, kwa majina ni ndiyo au hapana. Kuanzia Android 11 simu yenyewe inaondoa ruhusa kwa apu usiyoigusa kwa miezi, na Google waliisambaza baadaye mpaka kwenye simu za zamani zenye Android 6, usiizime hiyo. Mwenye iPhone yenye iOS 18 ya 2024 na kuendelea kapata kitu kizuri zaidi, apu ikiomba anaweza kuichagulia watu wachache tu, yenyewe ikaona haohao basi.

Na kuna jambo ambalo watengenezaji hawapendi ulijue: apu inayotaka kutuma kitu kwa mtu mmoja haihitaji ruhusa yoyote. Android na iPhone zote zina kichaguzi cha mfumo, apu inaita, orodha inafunguka chini ya ulinzi wa simu yenyewe, unagusa mtu mmoja na apu inapewa huyohuyo. Kwahiyo ile ya picha kama ilitaka tu umtumie rafiki picha ingeweza kabisa kupita njia hiyo. Ilichagua kuomba daftari zima. Mi kwa hilo peke yake naona nimeshajua nia yao na sihitaji kusoma sera.

WhatsApp. Ndiyo, inasoma, na ukiiruhusu inapeleka namba za kwenye simu yako mara kwa mara ili ijue nani yumo, zikiwemo za wasiotumia WhatsApp kabisa, ambazo wanasema wanazigeuza msimbo na kutozihifadhi kama zilivyo. Mwaka 2021 mdhibiti wa Ireland aliwapiga faini ya euro milioni 225, na sehemu ya hoja ilikuwa namna walivyowaeleza watu, pamoja na hao wasiokuwa watumiaji, juu ya hilo. Je unaweza kuikatalia? Unaweza, na inafanya kazi, wengi hawajui. Ukizima ruhusa gumzo zako zinabaki, ila majina yanapotea unaona namba au lile jina mtu alilojiwekea mwenyewe, na kuanza kuongea na mtu mpya unaandika wa.me kisha mkwaju na namba yake kamili kwenye kivinjari. Tangu mwishoni mwa 2024 walianza pia kuleta uwezo wa kuhifadhi jina humohumo ndani ya WhatsApp bila kuliweka kwenye simu, hiyo inapunguza karaha. Kusema kweli mi simshauri kila mtu aizime, kama maisha yako yote yako kwenye magrupu utachoka siku ya pili na utairudisha kwa hasira. Afadhali uiruhusu hiyo moja ukijua unachofanya, na zile ishirini nyingine uzinyime.

Njia ya katikati ipo, ni kuzitenga. Android 15 imekuja na nafasi ya faragha, simu nyingi za Samsung zina folda salama, na kwa nyingine kuna apu za bure kama Shelter zinazotumia profaili ya kazi ya Android. Ukiiweka apu humo ndani inaishi kwenye chumba chake chenye daftari tupu, ikiomba majina unairuhusu kwa roho safi inakuta hamna kitu. Kwa zile apu zinazogoma kufunguka mpaka uruhusu, hii ndo dawa. Ila ukiwa unaiwekea akaunti usiweke ileile ya Google yenye majina yako yote, manake yatashuka humo na chumba kitakuwa na daftari lilelile.

Hapo sasa tumefika kwenye mlango wa nyuma ambao watu hawaukagui kabisa. Ukishawahi kubonyeza "ingia kwa Google" kwenye tovuti fulani na ile skrini ikataja kwamba itaona majina yako, basi haihitaji simu, inachukua kutoka kwenye akaunti moja kwa moja hata simu ikiwa imezimwa. Fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, tafuta programu na huduma za wengine zilizounganishwa, futa usizozikumbuka. Kwenye Facebook na Instagram tafuta sehemu ya kupakia majina uizime kisha ufute yaliyokwishapakiwa, Telegram nayo ina kitufe cha kufuta majina yaliyosawazishwa kwenye setingi zake za faragha, TikTok na Snapchat wanavyo vya kwao. Kumbuka kuzima kwanza ndo ufute, ukigeuza yanapanda tena yenyewe usiku huohuo.

Ruhusa mbili nyingine ziangalie kwa jicho baya: kusoma arifa na ile ya huduma za walemavu inayoiwezesha apu kusoma kila kilichopo kwenye skrini. Apu yenye mojawapo ya hizo haihitaji kabisa kuomba majina, itayaokota yanapopita. Na gari la kukodi, ukiunganisha simu kwa bluetooth likaomba majina katalia, la sivyo linabaki na orodha yako na mteja anayefuata ataikuta imetulia pale kwenye skrini.

Apu za mikopo ya papo kwa papo nazitaja peke yake kwa sababu huko namba hazichukuliwi kwa matangazo, zinachukuliwa ili ukichelewa kulipa wampigie bosi wako na mama mkwe wako. Google kwenye Play wamezipiga marufuku apu za mikopo binafsi kugusa majina na picha tangu 31 Mei 2023. Kwahiyo ukiona ya mikopo inaomba majina leo, aidha imekuja kwa linki nje ya duka au inavunja sheria ya duka lenyewe, na kwa vyovyote usiendelee.

Kitu kingine ni yaliyoandikwa humo ndani. Nimeona madaftari ya watu, aisee. Namba ya siri ya kadi imehifadhiwa kama "Mjomba Benki", pasiwedi ya imeili imewekwa kwenye sehemu ya maelezo, daktari kaandikwa jina pamoja na ugonjwa anaoutibu. Apple tangu iOS 13 wamezizuia apu za kawaida kusoma ile sehemu ya maelezo, Android haina kizuizi cha hivyo. Toa vitu vyote vya namna hiyo leo, pasiwedi ziende kwenye programu yake ya kutunzia pasiwedi, na majina yapunguze yabaki majina, "Dokta Asha" inatosha. Watu ambao hujaongea nao tangu ulipobadilisha simu mbili zilizopita nao wafute, namba isiyokuwepo haichukuliki.

La mwisho ni la upande wako wewe kama namba. Hata ukifunga kila kitu, namba yako iko kwenye simu za wengine na wao wanaruhusu. Zile apu za kutambua anayepiga zinajengwa kwa sehemu kubwa na taarifa za namna hiyo. Truecaller, ambayo ni ya Sweden na ipo tangu 2009, ina ukurasa wa kuiondoa namba kwenye orodha yake, kama una akaunti kwao inabidi uifunge kwanza halafu ndo uombe namba iondolewe. Fanya hivyo ukiona inafaa, na kwa kujisajili kwenye vitu vya kupita tumia imeili ya pembeni badala ya namba pale inapokubalika.

Na kuhusu ile barua, wakikujibu kwamba lazima uwatumie picha ya kitambulisho ndo wafute, usiharakishe. Waambie hawakukuomba kitambulisho ulipojiunga, na watume namba ya uthibitisho kwenye imeili ileile uliyojisajilia. Wakikaa kimya mwezi ukapita, hizo barua pamoja na picha za skrini za mialiko ndo unazipeleka kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako, kwahiyo usizifute.